Jina Kifuani

Steshenari inayochapa beji za kazini haimuulizi mvaaji jina lake. Orodha hufika ikiwa tayari, imenakiliwa na ofisa utumishi kutoka kwenye mikataba: la kwanza, la kati, la ukoo, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Fundi ana maswali mengine. Pini au sumaku? Kamba ya shingoni iwe na nembo au iwe tupu? Kadi ya plastiki ya kuchapwa, au kile kibao cha matabaka mawili ambacho mashine ya leza hukwangua rangi ya juu mpaka ya chini ikatokeza kwenye herufi? Hayo yatajadiliwa kutwa nzima. Sampuli zitatumwa kwa WhatsApp, meneja atazirudisha akisema buluu haijakolea, nembo itasogezwa kushoto kisha kulia. Kuhusu jina lenyewe hakuna mjadala. Mwenyewe atakutana nalo siku ya kugawiwa.

Wengine hawalitambui. Msichana aliyeitwa Tatu tangu anatambaa, ambaye Zainabu yake huiona kwenye vyeti tu, hukabidhiwa kibao cha Zainabu, na kuanzia asubuhi hiyo huitwa kwa jina ambalo sikio lake huchelewa kulidaka. Khadija hupata Hadija, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia. Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na anayependa iwe hivyo kwa sababu alimpata kwa tabu, hurudishwa kazini kuwa binti wa fulani. Nimewahi kuwaza kwamba lau Fatuma binti Baraka angeajiriwa mapokezi ya hoteli pale Unguja, kibao chake kingesema Fatuma, na wageni wangepokea funguo na kwenda zao bila kujua kwamba waliyesimama mbele yake ni Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu.

Majina yetu hutegemea anayeyatamka. Lipo la mama mzazi, lipo la wenzako mliocheza nao, lipo la wakwe, ambao hawalitamki kabisa, na lipo la ofisini. Mtu hujua nani anaruhusiwa lipi, na anayevuka mpaka hurudishwa kwa jicho tu. Beji huchagua moja katika hayo na kuliweka wazi kwa kila apitaye. Kisha haidai kitu kwa msomaji. Mteja anayekuja kwenye kaunta hulijua jina la keshia kabla ya salamu, ilhali keshia anamjua yeye kwa namba ya foleni. Ni kujuana kwa upande mmoja. Zamani, na hata leo ukifika kijijini kwa watu, ulikuwa ukijulishwa jina baada ya kusema wewe ni nani, umetoka wapi, na wa kwa nani. Unatoa, unapewa.

Pwani hii ina tatizo jingine la beji, na wanaoziagiza sijui kama hulifikiria. Kijana wa miaka ishirini amefika dirishani benki. Ndani ameketi mama wa makamo, miwani puani, na kifuani pameandikwa SALMA, herufi kubwa, hakuna kingine. Kijana amelelewa. Hawezi kumwambia mtu wa umri wa mama yake "Salma, nisaidie." Akisema "mama Salma" atakuwa amemfanya mama wa Salma, yaani mzazi wa nafsi yake mwenyewe. Basi husoma, halafu hujifanya hakusoma: "Samahani, mama." Beji imegharimiwa, imebandikwa, na haitumiki. Anayeitumia barabara ni mtalii, ambaye kwao kumwita mtu jina lake tupu ni ukarimu, na Salma anajua hivyo wala hachukii. Wazanzibari wana dawa ya herufi mbili tu. "Bi Salma" huweza kutamkwa na mtoto wa shule, na waziri, na mgeni wa Kijerumani, na wote wakawa na adabu. Sijawahi kuelewa kwa nini kampuni ihangaike wiki nzima na rangi ya buluu kisha iache kuongeza herufi mbili.

Mahotelini mambo huenda mbali zaidi. Jina likionekana refu kwa mgeni, hukatwa. Mwanakombo hugeuka Kombo, ambaye ni mwanamume; Mwanahamisi hubaki na kipande cha mbele au cha nyuma, kutegemea meneja ameona kipi kinatamkika. Wapo wafanyakazi wanaofurahia jina la kazini, wanalivaa na kulivua pamoja na sare, na la nyumbani hubaki salama. Mwalimu wangu mmoja wa zamani, aliyewahi kuhudumu mezani kabla ya ualimu, aliwaambia wageni anaitwa Sam, na alicheka kila alipolisimulia. Jambo linalonitia shaka huanzia pale ambapo aliyekata si mwenye jina.

Historia ya kazi ina kisa kimoja ambacho hukaa vizuri hapa. Katika treni za kulala za kampuni ya Pullman huko Marekani, wahudumu waliotandika vitanda na kubeba mizigo walikuwa karibu wote watu weusi, na abiria weupe waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman. Desturi hiyo ilirithiwa kutoka utumwani, ambako mtumwa aliitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao cha wafanyakazi wakiongozwa na A. Philip Randolph, na miongoni mwa madai yao, pamoja na mshahara na saa za kulala, lilikuwamo hili la kuitwa kwa majina yao. Mwaka 1926 kampuni ilianza kuweka kwenye kila behewa kishikizo kidogo chenye kadi ya jina la mhudumu aliye zamu. Walipohesabiwa, katika wahudumu wapatao 12,000, walioitwa George kwelikweli walikuwa 362. Kuna kichekesho kichungu ndani yake: waliovalia njuga suala la kadi hizo walikuwa pia kikundi cha wazungu walioitwa George, waliokerwa kusikia jina lao likiitwa kwa kutumwa mizigo. Vyovyote vile, kadi iliwekwa. Mkataba wa kwanza wa kazi kati ya chama na kampuni ulitiwa saini 1937, miaka kumi na mmoja baadaye. Jina lilifika kabla ya mshahara, nami sidhani kama wahudumu walidanganyika kuwa yana uzito sawa.

Kwa hiyo walikuwapo watu waliopigania kuandikwa. Upande wetu wa bahari, miaka ileile, watu walikuwa wakipigania kuvua.

Kenya ilipitisha sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, na baada ya vita vya kwanza vya dunia ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alipewa karatasi, iliyoitwa kipande, yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na nafasi za kuandikwa mwajiri, mshahara, siku ya kuajiriwa na siku ya kuachiwa. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Hakuna maelezo ya mwanahistoria yatakayoishinda kejeli hiyo: mbuzi huvishwa kengele ili mwenyewe ajue alikokwenda. Na ndivyo ilivyokuwa kazi yake. Mwajiri asipotia saini ya kukuachia, hukuweza kuajiriwa kwingine. Ukiondoka, wewe ni mtoro, na karatasi iliyo shingoni mwako ndiyo itakayokushitaki. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walipokusanya watu Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko ya kwanza, pamoja na kodi na kupunguzwa mishahara. Thuku alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiwe. Polisi wakapiga risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa ni 21, akiwamo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewasuta wanaume kwa kusitasita. Kikebe cha shingoni kilidumu robo karne zaidi, hadi 1947, kilipokuja kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Mpaka leo Mkenya akitafuta kitambulisho chake husema anatafuta kipande. Na saa mbili asubuhi, ukisimama Upper Hill ya Nairobi au Posta ya Dar es Salaam, utaona vijana wa maofisini wakishuka kwenye magari na kadi zao shingoni, kamba za buluu, nyekundu, kijani, nyingine zina nembo ya benki kubwa, na wengi wamezivaa tangu nyumbani ingawa zinahitajika mlangoni tu. Sisemi hivi kuwabeza. Kijana aliyesota miaka minne na shahada yake, akatembeza bahasha ya kaki mpaka kona zikachakaa, anastahili kuonyesha mtaa kwamba amepata. Ninachotaka kionekane ni kwamba kwa macho vitu hivi viwili ni kimoja, kamba, shingo, jina, mwajiri. Kinachotofautisha ni mambo ya upande wa pili wa kamba: nani ameandika, nani anaruhusiwa kusoma, na je, mvaaji anaweza kuivua akaenda zake bila kuulizwa.

Kwa kipimo hicho kongamano ni mahali pa kuchekesha. Mlangoni pana meza, juu ya meza pana beji zimepangwa kwa alfabeti, na mstari wa chini umeeleza daraja: Mshiriki, Mtoa Mada, Mwanahabari, Sekretarieti. Rangi ya kamba ndiyo itakayoamua utakula ukumbi upi. Watu wazima, wengine maprofesa, husimama wakikagua kama "Dkt." imo. Ikikosekana hawasemi, hutoa kalamu wakaiongeza pembeni, kwa mkono. Arusha, ambako Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake na semina haziishi, kosa moja hujirudia: kompyuta ya mwandaaji imeambiwa neno la kwanza kwenye orodha lichapwe kwa herufi kubwa, kwamba ndilo jina la kuitwa. Mshiriki wa Bujumbura au Goma amejiandikisha kama walivyofundishwa shuleni kwao, la Kirundi au la ukoo kwanza, la ubatizo nyuma. Basi siku tatu nzima huitwa kwa namna ambayo kwao huitwa na mwalimu mkali au hakimu, na kwa kuwa ni mgeni mwenye heshima zake, huitikia.

Ukumbini yupo asiye na beji. Ni mgeni rasmi. Walioketi meza kuu nao aghalabu wana vibao vya mezani, vinavyoelekea hadhira, ila kifuani pao ni peupe. Ukilitazama hilo kwa muda utaona ni kanuni ya majengo yote, si ya makongamano pekee. Mlinzi ana jina, mfagizi ana jina, keshia ana jina na namba, mkurugenzi hana. Hadhi inapopanda, beji hushuka. Inachukuliwa kwamba mkubwa anajulikana, na asiyemjua ndiye mwenye kosa. Ningependa siku moja kuona mkurugenzi wa hospitali ya rufaa akipita wodini na kibao sawa na cha mhudumu wa usafi, ukubwa uleule, pini ileile.

Nimeitaja hospitali kwa sababu hapo beji huacha kuwa pambo. Mgonjwa amelala, watu wamejaa, wote wamevaa nguo za rangi moja, na mmoja wao atamchoma kitu ambacho hawezi kukirudisha. Mwaka 2013 daktari Mwingereza, Kate Granger, aliyekuwa akiugua saratani isiyotibika, alilazwa na kuona kutoka kitandani jambo ambalo hakuliona akiwa amesimama: wengi waliokuja kumhudumia hawakujitaja. Alianzisha kampeni yenye ombi moja, kwamba kila mtumishi wa afya aanze kwa kusema jina lake, na hospitali nyingi za Uingereza zikawavisha watumishi vibao vyenye salamu hiyo. Alifariki Julai 2016 akiwa na miaka 34. Zingatia kwamba hakuanza na kibao. Alianza na mdomo. Kibao kilifuata kama kumbukumbu ya kile kilichokwisha kusemwa. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inadai hivyo pia, kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, maana nesi anayejua jina la daktari wa upasuaji ana njia ya kumzuia akikosea.

Liberia wakati wa Ebola walikwenda hatua zaidi. Wahudumu walikuwa ndani ya mavazi ya kujikinga kuanzia kisigino hadi utosi, na mgonjwa, ambaye pengine angekufa humo, aliona miwani tu. Msanii wa Marekani, Mary Beth Heffernan, alifika Monrovia mwaka 2015 akawapiga wahudumu picha wakitabasamu, akazichapa kwenye vibandiko, vikabandikwa kifuani juu ya mavazi yale. Uso ukavaliwa nje. Katika yote niliyotaja hii ndiyo beji ninayoihusudu, na haina hata herufi moja.

Huku kwetu mgonjwa husema "nesi", "sista", "dokta", na akitaka kulalamika husema "yule mnene wa zamu ya usiku". Akitaka kushukuru husema vilevile, na shukrani hupotea njiani. Kwa hiyo siafikiani na watumishi wanaodai kuwa jina kifuani limewekwa ili washitakiwe. Linafanya kazi pande zote mbili, ingawa nakubali kwamba sanduku la maoni hupokea zaidi za upande mmoja.

Askari ni habari nyingine, na hapo sina huruma. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya, ya mwaka 2011, inamtaka ofisa aliyevaa sare aweke jina lake au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi. Maandamano ya Juni 2024 yalipofika mitaani Nairobi, malalamiko mengi yaliwahusu maofisa waliovaa kiraia na waliofunika nyuso. Keshia wa duka la mikate hawezi kuniumiza, na najua jina lake. Mwenye bunduki anaweza. Nchi inayomwandika wa kwanza kwa herufi za kuchongwa na kumwacha wa pili bila herufi imegawa beji kinyumenyume.

Baada ya hayo naweza kurudi kwa fundi, maana kazi yake ina ustadi wake na wengi huiharibu kwa kutojua. Jina la kuitwa liwe kubwa kuliko nembo. Anayesimama hatua mbili mbele alisome bila kuinamia kifua cha mtu, jambo ambalo kwa wanawake lina adha yake. Kadi ya kamba ichapwe pande zote mbili, kwa kuwa hupinduka, na hupinduka hasa saa ya kupiga picha. Kibao cha pini kikae upande wa kulia, jicho hufuata mkono wa salamu. Sumaku ni nzuri kwa hariri na shifoni ambazo pini huzitoboa, lakini asipewe mtu mwenye kifaa cha moyo. Na kuna ushungi. Beji nyingi za hapa nchini zimebuniwa kwa ajili ya mfuko wa shati la mwanamume. Dada aliyejitanda, ushungi humshukia mpaka kifuani na kuifunika, kisha msimamizi humkemea kwamba hajavaa. Kishikizo kidogo cha kubana kwenye ukingo wa ushungi kingemaliza ugomvi huo.

Ubaya wa beji kwa mabinti huonekana jioni. Mteja amesoma majina mawili kaunta, jina na la ukoo, na kabla ya usiku ameshampata Instagram, ameshaandika. Au kituoni, binti amesahau kuivua, na mwanamume asiyemjua anamwita jina lake mbele ya watu kama aliyemzoea. Wengi wamejifunza kuigeuza kadi ndani ya blauzi mara wanapotoka getini. Jina la ukoo halina kazi kwenye kaunta. Likae kwenye faili.

Kampuni zinazojali zingeongeza safu moja tu kwenye fomu ya ajira, baada ya jina kamili: unapenda uitwe nani kazini? Nimemweleza hivyo ofisa utumishi mmoja akasema watu watajaza upuuzi, wataandika Chuma, Mama Lao, Mzee wa Kazi. Wachache wataandika, kwa wiki ya kwanza. Wengine wataandika Bi Salma, wengine Tatu, wengine jina la mtoto, na yule wa hoteli ataandika Sam kwa hiari yake. Na atakayeiacha safu wazi asilazimishwe. Aandikiwe kazi yake, Mapokezi, inatosha. Wateja watamwita dada, kama wanavyomwita sasa.